Sharti la Maamkizi

Riziki ya Mwishehe ilimjia ndani ya kikombe cha kahawa, na kahawa yenyewe haikuwa yake.

Ilikuwa Bagamoyo, baada ya sala ya adhuhuri, miaka ile Wadachi walipokuwa bado wageni wa kutazamwa tu, na pembe za ndovu zikishuka kutoka bara mabegani mwa wapagazi. Mwishehe alikuwa ameketi barazani kwa Abdullatif bin Saleh, tajiri wa pembe, pamoja na wazee wa mtaa. Hakualikwa. Tangu azaliwe hakuwahi kualikwa mahali, wala hakuwahi kukosa.

Basi Abdullatif akamiminiwa kahawa. Kabla hajaigusa, mtumishi akatoka ndani akamnong'oneza kwamba Bibi Thuwaiba anamwita. Uso wa tajiri ukang'aa. Akakiweka kilemba sawa, akajipaka mafuta ya udi nyuma ya masikio, akaingia ndani kwa mwendo wa bwana harusi. Wazee wakaanza mazungumzo ya mvua. Hata hawajakubaliana kama itanyesha, Abdullatif huyo karudi, kilemba upande, uso umemshuka kama mtu atokaye mazikoni. Akaketi, akachukua kikombe chake, akapiga funda, akaungua ulimi.

Kahawa ilikuwa bado ya moto.

Wazee, kwa adabu waliyolelewa nayo, wakageuka wote kumtazama mbuzi aliyekuwa akipita. Mwishehe peke yake hakugeuka. Aliujua uso ule. Alikuwa akiuona kila anapoinama kunawa, ndani ya maji.

Msomaji asije akadhani Mwishehe alikuwa mtu wa huruma. Huyu ndiye aliyemuuzia mtu wa Pangani kivuli cha mnazi, na jua lilipogeuka kivuli kikahamia kwa jirani, akamtoza na jirani. Lakini hata mjanja ana mahali panapomuuma, na pa Mwishehe palikuwa Saadani. Huko alikuwa na mke, Ashatu binti Mrisho, mcheshi, mwenye maneno yake, aliyemwoa mwaka uliotangulia kwa ngoma na shangwe. Siku ya kwanza Mwishehe alianza na kumaliza kwa pumzi moja. Ya pili vivyo hivyo. Kabla fungate haijesha, na fungate ni juma zima ambalo bwana harusi hatakiwi kutoka hata kwenda sokoni, Mwishehe alikwisha kukumbuka biashara ya haraka huko Pangani. Tangu hapo akawa mtu wa kurudi na kuondoka, kila mara na zawadi, kila mara na kisingizio. Mwishowe Ashatu akamletea salamu kwa mchuuzi wa samaki: "Mwezi wa Ramadhani usiandame kabla hujaja tukakaa tukazungumza kama watu. La sivyo, niletee talaka yangu."

Na Shaabani ilikuwa imekwisha kuingia.

Mwishehe alimpenda mke wake kweli. Ila aliamini kwamba mwanamume mwenye aibu kama yake hana budi kuifunika kwa mali, na aibu ikiwa pana, shuka nalo liwe pana. Shuka hilo ndilo alilokuwa akilitafuta. Sasa mbele yake alikuwa ameketi mtu mwenye ghala zima la pembe na ulimi ulioungua.

Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Dunda, kwa mjane mmoja aitwaye Mwanamkasi. Bibi huyu alikuwa somo: ndiye awafundaye mabinti wakivunja ungo, ndiye awasindikizaye kwenye ndoa zao, ndiye akaaye nyuma ya mlango siku zote za fungate akingoja habari njema apige kigelegele. Mabinti aliowafunda walikuwa wametapakaa pwani nzima. Mmoja alikuwa Saadani, na jina lake Ashatu.

Naam. Mwanamkasi alimtambua mpangaji wake siku ile ile alipobisha hodi. Mwishehe hakumtambua, kwa kuwa wakati wa fungate alikuwa na haraka hata asiweze kutazama watu: aliingia kichwa chini, akatoka kichwa chini, na haki ya somo, ambayo bwana harusi huitoa fungate inapokwisha, hakuitoa, maana mwisho wa fungate hakuungoja. Bibi akampa chumba, akampa na mkeka, akanyamaza. Mwanamke aliyekaa miaka mingi nyuma ya milango ya watu amejifunza kusubiri.

Siku ile ya kahawa, Mwishehe alirudi Dunda akapitia uani, akakuta kinuni pumba za mtama ambazo bibi aliwawekea kuku wake. Akazichota zote. Akazitia manjano ili zipate rangi ya utabibu, akazifukiza ubani ili zipate harufu ya utabibu, akazifunga katika vitambaa vyekundu. Uganga wote aliusomea kati ya alasiri na magharibi.

Asubuhi akamvizia Abdullatif ghalani.

"Subalkheri, Bwana Abdullatif."

"Subalkheri. Kama umekuja kukopa, nimefilisika."

"Sikuja kuchukua, nimekuja kutoa. Bwana, kahawa yako jana ilikuwa ya moto sana."

Abdullatif akatazama huku na huku. "Una maana gani?"

"Nina maana kwamba mtu akiungua ulimi kila siku, siku moja atatamani kuinywa imepoa."

Tajiri akamshika mkono, akamvuta nyuma ya pembe zake, akafunga mlango kwa komeo.

"Nani kakwambia?"

"Mimi ni tabibu, siambiwi. Maradhi haya nimeyasomea Ngazija, kwa sharifu mmoja kipofu. Yanaitwa maradhi ya jogoo."

"Ya jogoo?"

"Umepata kumtazama jogoo, bwana? Anapanda, anashuka, anajikung'uta, huyo anakwenda zake kuwika. Kuku hata hajajua kama alikuja mgeni."

Abdullatif akajiketisha juu ya pembe iliyokuwa na thamani ya nyumba, akashika kichwa chake kwa mikono miwili. Maneno yakamtoka kama maji ya mtungi uliopasuka.

"Sikuwa hivi mimi, wallahi. Nilipomwoa Thuwaiba nilikuwa mtu kama watu. Nikaenda Tabora na msafara, nikakawia. Niliporudi, siku ya kwanza ikawa hivyo. Nikasema ni hamu tu. Mara ya pili nikaogopa isije ikawa kama ya kwanza, ikawa kama ya kwanza. Sasa nikimwona anavua mtandio tu, moyo unanienda mbio. Nimemnunulia bangili mpaka mkono haukunjiki. Nimekuwa mkali kwa watu, sili nikashiba. Juzi nimemtukana punda wangu, matusi ya nguoni, na punda hakunikosea kitu. Nimefikiria hata kuoa mke wa pili, pengine kasoro ni ya huyu."

"Na huyo wa pili ungemfanya nini?"

"Hapo ndipo nilipokwama," akasema Abdullatif.

Mwishehe akahisi kitu kimemchoma, maana maneno yale yote angeweza kuyasema yeye, isipokuwa ya punda. Lakini akajikaza. Akatoa kifurushi chekundu, akakibusu, akakipandisha kwenye paji la uso wake.

Hapa yafaa tuseme kidogo juu ya uganga. Kila mganga wa pwani anajua kwamba dawa bila sharti ni hasara. Mgonjwa akipona, dawa imeponya. Asipopona, kavunja sharti. Wengine humkataza mtu ngisi, wengine humkataza kuruka kamba. Mwishehe yeye alitaka sharti ambalo hakuna mwanamume aliyezaliwa na mwanamke angeweza kulitimiza, ili lawama imwangukie mgonjwa, naye awe njiani kwenda Saadani na zawadi zake. Akafikiri kidogo tu, akalipata.

"Utaikoroga katika maziwa, unywe," akasema. "Kisha ukae na mkeo mnywe kahawa, mzungumze, mpaka dele la kahawa liwe tupu. Ndipo muingie chumbani. Na huko chumbani, kila utakapohisi moto unapanda, simama. Usisogee hata ukope. Mwamkie mkeo."

"Nimwamkie?"

"Maamkizi kamili, bwana, kama mlioachana mwaka mzima. Hujambo, habari za asubuhi, baba hajambo, mama hajambo, shangazi je, shamba je, mguu uliokuwa ukimsumbua bibi unaendeleaje. Kila swali ungoje jibu lake. Ukimaliza, endelea. Moto ukipanda tena, anza tena, na jamaa wengine. Ukimruka shangazi hata mmoja, dawa imeharibika na mimi simo."

Abdullatif akafikiri. "Thuwaiba ana shangazi wengi sana."

"Mungu amekujalia."

"Na bei yake?"

"Dawa hii haiulizwi bei. Mtu hutoa kilichomo moyoni mwake. Waweza kukitoa hata sasa hivi."

Lakini Abdullatif alikuwa mfanyabiashara, mtoto wa mfanyabiashara. "Nitakitoa nikishaona," akasema. "Mpaka hapo wewe ni mgeni wangu. Mgeni wangu hatoki nyumbani kwangu bila ruhusa." Akaita watu wake wawili wenye mabega, wakamsindikiza Mwishehe mpaka chumba cha wageni, wakamletea halua na tende, kisha wakaketi mlangoni.

Mwishehe alikaa mbele ya ile halua asiweze kuimeza. Ukarimu wenye walinzi ni kitu kizito. Alijaribu dirisha la mbele, likawa na nondo. Alijaribu la uani, likawa na nondo na paka. Akaanza kuhesabu mbavu zake ili ajue zitakuwa ngapi wakati wa kutoka.

Ilipofika saa ya watu kupumzika na jua, nyumba yote ikanyamaza. Kisha kupitia dirisha la uani akasikia, kutoka juu, sauti ya Abdullatif, sauti ya mtu aliyebeba gunia na kuulizwa njia.

"Thuwaiba... hujambo?"

Sauti ya mwanamke ikajibu, yenye mshangao: "Sijambo."

"Habari za tangu asubuhi?"

"Bwana, una nini?"

"Nijibu, mke wangu, nakuomba."

"Njema."

"Na shangazi Salme?"

"Hajambo."

"Na yule wa Pemba?"

"Naye hajambo. Ila anasumbuliwa na jino."

"Pole yake. Lipi?"

Hapo Thuwaiba akaanza kucheka. Alicheka kicheko ambacho, kama walivyosema watumishi baadaye, hakikusikika nyumba ile tangu msafara wa Tabora. Tajiri naye akaanza kucheka. Kisha pakawa kimya, kisha jino la shangazi likaulizwa tena, kisha mjomba, kisha mbuzi wa mjomba. Mwishehe alikuwa ameziba masikio kwa tende akisoma kila dua aliyoijua, na hakujua nyingi.

Adhana ya alasiri ilipokwisha kuadhiniwa, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Abdullatif akasimama kizingitini bila kilemba, mkononi kikombe alichokimimina kabla ya kuingia chumbani, machozi yakimtiririka.

"Imepoa!" akapiga kelele. "Tazama, tabibu! Imepoa mpaka imefanya utando!"

Akainywa yote kwa fahari, utando na mashapo. Kisha akamkumbatia Mwishehe mpaka mbavu alizokuwa amezihesabu zikalia. Akampa pembe mbili na majora ya nguo. Mwishowe akamfungulia punda mweupe wa Maskati, aliye mrefu, mwenye hina mkiani.

"Mchukue na huyu," akasema kwa sauti ya chini. "Tangu nimtukane, siwezi kumtazama usoni."

Mwishehe angekuwa na akili, angeondoka siku ile. Lakini siri ya chumbani ina miguu. Thuwaiba alimwambia dada yake, dada yake alimwambia mumewe kwa makusudi, na kabla ya juma kwisha, mlango wa nyuma wa Mwanamkasi ulikuwa umechakaa kuliko wa mbele. Walikuja wakubwa wa mji mmoja mmoja, wamejitanda vilemba mpaka puani, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake duniani. Mahfoudh muuza nguo alikutana na shemeji yake kizingitini, wakasimama wakitazamana.

"Nimekuja kuulizia mbuzi wangu aliyepotea," akasema Mahfoudh.

"Mimi pia," akasema shemeji. "Nadhani walipotea pamoja."

Wakaingia wote wawili. Kila mmoja alitoka na kifurushi chekundu na sharti lake, na kila mmoja alirudi anacheka. Saa za mapumziko, mitaa ya Bagamoyo ikajaa sauti za waume wakiuliza habari za wakwe. Mwanamke mmoja akagundua kwamba mumewe, baada ya watoto wanne, hajui jina la mama mdogo wa mkewe. Wakwe waliosahauliwa wakaanza kuletewa samaki. Zawadi zikamiminika kwa Mwishehe: bangili za fedha, marashi, jambia lenye mpini wa pembe ya kifaru. Kila mara aliposema bei haiulizwi, walitoa zaidi ya bei ambayo angethubutu kuitaja.

Na Mwishehe akaanza kuugua ugonjwa mbaya kuliko yote yampatayo mjanja. Akaanza kujiamini.

Alilala chali mkekani akilipindua jambo hili. Pumba haziponyi. Watu hawa wamepona. Basi zile hazikuwa pumba. Ilimwingia akilini kwamba kwa bahati ya Mungu alikuwa amechota dawa ya kweli bila kujua, akaigawa yote kwa matajiri, mpaka kifurushi cha mwisho, na yeye mwenyewe, mwenye mke anayemngoja Saadani na mwezi unaokaribia kuandama, hakujibakizia hata ya kunusa. Akaamka mbio mpaka kinuni. Mlikuwa na pumba nyingine, na kuku wakamtazama vibaya.

Mwanamkasi alikuwa akipepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Bibi, zile pumba zilizokuwa kinuni siku ile, zilikuwa za nini?"

Bibi akauweka ungo chini polepole. "Kumbe ni wewe uliyezichukua. Nami nimewatukana kuku wangu bure." Akapiga kite. "Zile hazikuwa pumba, mwanangu. Mlikuwa na mzizi wa bibi yangu, mti mmoja tu uliokuwa Makurunge, nao umekatwa. Kwani unaumwa?"

"Mimi? Hasha. Rafiki yangu."

"Ana nini?"

"Ana... anafika upesi. Kabla ya mwenziwe."

"Ameoa?"

"Ameoa, na mkewe anampenda, na mwezi ukiandama hajafika, atamkosa."

"Na ujana wake rafiki yako aliupitishia wapi?"

Mwishehe akatazama kuku. "Kwenye banda la mbata la mjomba wake. Sikio liko mlangoni, asije akakutwa."

"Ndio hapo," akasema Mwanamkasi. "Mwili ni mwanafunzi mwema. Ukiufundisha kukimbia, hukimbia hata palipo salama. Kisha akaoa, na nje ya mlango kina mama tumejaa, ngoma mikononi, tunangoja habari. Nani asingekimbia? Akaona aibu, aibu ikazaa hofu, na hofu ndiyo inayochochea kuni. Wengine wako hivyo tangu siku ya kwanza kama huyo rafiki yako. Wengine huwajia baadaye, kwa safari, kwa maradhi, kwa mashaka ya dunia, kwa kununiana na mke. Wengine wanaogopa nguvu zitawaishia njiani, basi wanakimbia wafike mapema. Wamejaa mji mzima, na kila mmoja kajifungia na lake. Si laana hiyo, si uchawi, wala hakuna aliyepungukiwa uanaume kwa ajili yake. Mficha uchi hazai. Aende kwa mkewe, aseme naye, waende taratibu, likiharibika wacheke. Hupungua."

Mwishehe alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mtu anayengoja khutuba iishe agawiwe pilau. "Ndiyo, bibi. Ndiyo. Na ile dawa?"

Mwanamkasi alimtazama kwa huruma, halafu huruma ikapita. Alikuwa amempa tiba bure, naye hakuitaka. Akaingia ndani, akatoka na kifuko cha ngozi kilichofungwa vizuri.

"Umebaki huu tu," akasema.

"Bei yake?"

"Dawa hii haiulizwi bei, baba. Mtu hutoa kilichomo moyoni mwake."

Mwishehe aliyafahamu maneno hayo, kwani yalikuwa yake. Lakini mtego unapolia, mjanja hudhani umemnasa mwingine. "Nitakupa pembe moja."

"Rafiki yako anampenda mkewe kwa pembe moja?"

"Mbili."

Bibi akaanza kukirudisha kifuko ndani.

"Na nguo! Na bangili zote, na lile jambia!"

"Sijui kwa nini uani kwangu pananuka punda," akasema Mwanamkasi, akitazama mbinguni.

Mwishehe akafumba macho. Akamwona Ashatu. "Na punda," akasema, na kweli alikuwa karibu kulia.

Bibi akampa kifuko kwa mikono miwili. Akampa na sharti, maana dawa bila sharti ni hasara: akae ndani mpaka Ijumaa ipite, kisha aende kwa miguu yake, kwani dawa ile haitaki kupanda mnyama. Mwishehe akashukuru. Akambusu mkono. Mganga hajigangi, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba hulipa ada kubwa kuliko wagonjwa wake.

Ijumaa ilipopita akashika njia ya pwani, akavuka Ruvu, akavuka Wami, kifuko kifuani kama mtoto mchanga. Alifika Saadani siku ya mwisho ya Shaabani, nyayo zimevimba, samaki wakiwa wameanikwa kila upande na watu wakianza kuulizana kama mwezi utaonekana jioni ile. Akakata kona kwenye nyumba ya mkwewe, akasimama ghafla. Mlangoni alikuwa amefungwa punda mweupe mwenye hina mkiani, anatafuna majani kwa utulivu.

Akaingia bila hodi. Ashatu alikuwa ameketi mkekani, bangili za fedha mpaka kiwikoni. Kando yake Mwanamkasi alikuwa akinywa uji.

"Nimeibiwa!" akapiga kelele Mwishehe.

"Karibu, baba," akasema Mwanamkasi. "Umeibiwa na nani?"

"Na wewe! Mali yangu yote!"

"Basi nenda kwa liwali ukashitaki," akasema Ashatu. "Mwambie uliuza pumba za kuku ukapewa punda, kisha ukatoa punda ukanunua pumba za kuku. Ila ningoje nivae, na mimi niende nikamwone liwali akicheka."

"Pumba?" Mwishehe akakifungua kifuko. Kabla hajanusa, kuku wa Mzee Mrisho walikuwa wamekwisha kuingia mbio kutoka uani, wakamzunguka miguuni wakidai haki yao.

"Lakini walipona! Abdullatif alipona! Mahfoudh alipona!"

"Walipona kwa kukaa na wake zao na kusema nao, na kwa kusimama njiani badala ya kukimbia," akasema Mwanamkasi. "Nilikwambia bure, hukusikia. Mimi ndiye somo wa mkeo, niliyekuwa nyuma ya mlango wako mpaka ulipotoroka. Punda ni haki yangu ya fungate, na faida yake. Vilivyobaki ni zawadi ya biharusi, ambayo na hiyo ulisahau."

Mwishehe akafungua kinywa. Alikuwa na uongo mwingi tayari, alikuwa nao siku zote: wa Pangani, wa ugonjwa, wa nahodha aliyefilisika. Alipotaka kuchagua mmoja, akaona Ashatu hacheki tena.

"Jioni mwezi unatazamwa," akasema Ashatu. "Nisikilize, Mwishehe. Unadhani najua nini na sijui nini, shauri yako. Mimi kilichoniudhi ni mgongo wako. Ukimaliza wanigeuzia mgongo. Kukicha, mgongo ule ule uko njiani unakwenda Pangani. Nililia mwaka mzima kwa ajili ya mgongo. Sasa nigeuzie uso, ukiwa na neno ulitoe."

Kuku walikuwa wakidonoa. Mwishehe, aliyewahi kuuza kivuli, akatafuta maneno mawili matatu ya kweli na akaona ni mazito kuliko pembe. Akakaa chini mbele yake. Akamtazama usoni, jambo ambalo kwa hakika hakuwahi kulifanya kwa utulivu tangu siku ya harusi.

"Ashatu," akasema, "mimi... hufika upesi. Upesi mno, tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nikiona aibu, nikakuficha usijue."

Ashatu akamtazama kwa macho yenye mapenzi na ghadhabu pamoja.

"Mume wangu," akasema, "najua. Nilikuwepo."

Uji ukampalia Mwanamkasi. Ashatu akajaribu kujizuia, mabega yakaanza kumtikisika, kisha kicheko kikamponyoka, naye Mwishehe, aliyekuwa amejiandaa kulia, akajikuta anacheka kuliko wote wawili, mpaka akalala chali katikati ya kuku. Mwanamkasi akafuta kidevu, akajitanda kanga yake, akatoka bila kuaga akarudisha mlango nyuma yake. Akampanda punda. Kwato zikasikika zikishika njia ya Bagamoyo, taratibu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Mwishehe hakuwa na haraka ya kwenda kutazama mali yake inakoelekea.